Orodha Iliyokwama Katikati

Kompyuta ya ofisi yetu pale Rwamishenye aliiunda kaka yangu kwa vipande vya kompyuta tatu zilizokwisha kufa. Mimi nilikuwa karani wa kusajili yatima, na nilijivunia mashine ile kana kwamba nimeiunda mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na majina ya watoto wote tuliowasomesha, toka Bukoba mjini mpaka Muleba na kisiwa cha Bumbire. Fomu za karatasi tulikuwa tumezichoma. Tulikuwa watu wa kisasa.

Kisha wafadhili wakatuletea sidii ya mfumo mpya, pamoja na barua: orodha irudi kwao katika mfumo huo kabla shule hazijafunguliwa, na mtoto asiyekuwemo hatasomeshwa mwaka huo. Jumatatu asubuhi nikaiingiza sidii bila kunakili orodha popote, maana nilikuwa na imani kuliko akili. Ilifika katikati, skrini ikageuka buluu, mashine ikazima na kuwaka, ikazima na kuwaka.

Fundi mwenyewe, kaka yangu, alikuwa kule kilimani Ijuganyondo, kitandani nyumbani kwa mama, amekonda hata saa ya mkononi ilimpanda mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anaumwa malaria. Mkewe, tuliyemzika mwaka uliotangulia, naye alikufa kwa malaria. Miaka ile Kagera nzima iliugua malaria ya ajabu isiyosikia dawa yoyote, na sisi tuliosoma ndio tulioiheshimu zaidi. Orodha yetu ilikuwa na safu ya chanzo cha kifo cha mzazi. Niliijaza “malaria” kuanzia juu hadi chini. Nikichoka, naandika “kifua”.

Nikapanda baiskeli kwenda kumwuliza. Niliposema sikunakili orodha, alinitazama kama mtu asiyenijua.

“Inakwama pale pale kila mara, au mahali tofauti?” akasema.

Sikujua. Nikarudi Rwamishenye, nikajaribu mara tatu, nikapanda tena kilima.

“Mahali tofauti, kaka.”

“Basi ni kumbukumbu. Niliweka vibao vyake viwili, kimoja kibovu. Toa kimoja ujaribu. Ikikataa, kirudishe, utoe kingine.”

Majirani waliokuja kumpa pole na ndizi zao za ebitoke wakaingilia kati. Mmoja alisema ni vumbi, mwingine umeme, mama mmoja akauliza kama mashine ilizaliwa na kasoro hiyo au iliipata ukubwani. Ugonjwa wa kompyuta ulijadiliwa kwa uwazi mkubwa, kwa jina lake na dalili zake. Ugonjwa wa aliyelala mbele yao hakuna aliyeuuliza.

Nilipotoa kibao cha pili, mashine ilitulia, kisha ikauliza kama ifute diski yote ianze upya. Nilikuwa karibu kukubali. Nikaogopa, nikapanda kilima.

“Hapana!” Kaka alijiinua kwa hasira mpaka akakohoa. “Ukikubali umewapoteza wote. Iambie iendelee juu ya mfumo wa zamani.”

Jumatano mchana ikamaliza. Orodha ilikuwepo, jina kwa jina. Nililia kwa furaha, nikaenda kumwambia.

“Wamo wote?”

“Wote, kaka.”

“Mwanangu hayumo.”

Kweli hakuwemo. Tangu mkewe afe alikuwa amekataa binti yake aandikwe, nasi tulidhani ni kiburi cha fundi.

“Nitamwandika leo hii,” nikasema.

“Kwenye chanzo, mama yake utamwandikia nini?”

Mama yetu akaokota sahani, akatoka.

“Malaria,” nikasema.

Alinitazama kama alivyonitazama niliposema sikunakili orodha. “Siku tatu unanieleza kasoro za mashine, hukunificha hata moja. Andika UKIMWI. Nami nikiondoka, andika hivyo hivyo.”

Niliandika. Nilikuwa nimechapa majina ya mamia ya marehemu bila kusita, lakini neno lile fupi nilikosea herufi zake mara mbili. Niliona aibu, kwanza kwa ajili ya familia, halafu kwa ajili yangu.

Orodha ilipochapwa, sista mkuu wa ofisi aliipitia ukurasa kwa ukurasa, akaja mezani kwangu. Mstari wa binti wa kaka alikuwa ameuzungushia kalamu nyekundu.

“Waitu, ndugu yangu, hapa umekosea,” akasema kwa upole. “Sahihisha ufanane na mingine.”