Filamu Bubu Niliyoisemea Mimi

Sipendi kuisimulia hii, lakini najua mmeisikia nusunusu kwa watu wa kanisa, wameitia chumvi, basi isikieni kwangu mimi niliyeaibika.

Mume wangu Mwadime alikuwa akisomea filamu chuoni, na mwisho wa muhula akatengeneza filamu bubu ya mchoraji anayempenda mwanamke asiyempenda, akaomba kuionyesha kanisani kwetu huku ughaibuni, mjini Saint Paul, baada ya ibada, watu wakinywa chai. Sikuwa nimeiona (saa zake za kuhariri filamu ndizo saa zangu za shifti ya kuhudumia wazee). Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Voi kutulelea mtoto wetu Neema, na yale maandishi ya Kiingereza yanayotokea katikati ya picha hayajui, akaita, "Mama Neema, si wewe humtafsiria mchungaji? Nisomee na mimi!" Watu wakapiga makofi. Mwadime akanipungia mkono niache, nikadhani anaona haya, nikachukua maiki.

Sasa mkalimani hangoji kuelewa, neno likiingia machoni limeshatoka mdomoni. Mchoraji anachora, anachana, na Shali wa kwaya, aliyeigiza yule mwanamke, anampa mgongo. Nikasoma, "Nilikuomba miaka mitatu, ukakataa." Watu: "Pole!" Nikatia na sauti ya kilio, "Nikaoa aliyekuwa karibu." Watu wakaacha kunywa chai. Na mimi mjinga naendelea tu, "Kwa sababu ya mimba. Kila asubuhi naamka kando ya mwanamke nisiyempenda."

Hapo ndipo nikajisikia, kwenye spika mbili.

Shali akasimama na kikombe chake. "Dada, haki ya Mungu niliigiza tu! Huyu nilimkataa tangu nyumbani!" (Eti ananifariji.)

Mama mkwe akauliza, "Mwadime, anayesemwa ni nani?"

"Mama, hiyo ni sanaa."

"Sanaa hushika mimba?" nikamwambia, maiki bado mkononi. "Mjibu mama yako."

Angesema tu "si yeye", hata kwa uongo, ningerudi naye nyumbani. Lakini alikwenda kuzima mashine ya kuonyeshea filamu.

Nilimvika Neema koti tukatoka kwenye theluji, na mama mkwe akatufuata bila hata kuaga. Sasa mimi na mtoto tunakaa peke yetu, mji wa New Hope. Mchungaji ameniomba mara mbili nirudi kutafsiri, nimemwambia atafute mwingine, maana maneno ya mtu sitayatia tena mdomoni mwangu kabla sijayasoma peke yangu, kimya, mpaka mwisho.