Suruali Hupimwa Magotini

Fundi cherehani wa jirani na kanisa huongea akiwa na pini mdomoni, na mwanamume akija kujaribu suruali humwambia neno moja tu: "Piga magoti." Kisha yeye hugeukia ukutani, asije akamwaibisha mtu. Siku hiyo mama wa bwana harusi alikaa kwenye benchi, rozari mkononi. Kesho mwanawe angepiga magoti altareni mbele ya parokia nzima, na suruali aliyomwagiza fundi ilimbana kama ngozi ya ngoma.

"Ndiyo mtindo, fundi," kijana alisema.

"Mtindo hausali, baba. Piga magoti."

Kijana alishuka nusu, akakwama, na mshono wa nyuma ukalia. "Yesu wangu! Si nilikwambia?" mama alisema, akafumba macho. Fundi hakucheka. Alingoja mpaka suruali ilipovuliwa, akaigeuza ndani nje, akamwonyesha mama kitambaa cha ziada, upana wa vidole viwili, alichokificha kwenye kila mshono. "Alipovikataa vipimo vyangu nilijua atarudi," alisema, akaanza kufumua. Mama alishusha pumzi. Nyuma ya pazia, bwana harusi, mtandio wa mama yake kiunoni, alisikika akijaribu tena kupiga magoti, polepole.