Mlinzi Niliyempiga kwa Kosa la Kamera

Nilimpiga mzee mmoja mdomoni siku ya Alhamisi mchana, mjini Kisii, na meno yake mawili yakaanguka kwenye saruji mbele ya pikapu yangu. Alikuwa mlinzi wa maegesho. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Nyansiongo, mwanamume wa miaka hamsini na minne, na kanisani kwetu naimba besi. Wanaonisifu kwa kuishinda kampuni ya maegesho huanzia mahali pengine. Mimi naanzia hapo kwenye meno.

Mke wangu alikuwa na mtoto wa jicho. Kliniki ya macho iko ghorofa ya pili ya jumba moja mjini, na nyuma ya jumba kuna kiwanja cha magari. Jumatatu nilimpeleka akapimwa. Nililipia maegesho ya saa mbili kwa simu, tukatoka, tukarudi nyumbani. Alhamisi tulirudi akafanyiwa upasuaji, akashuka ngazi akiwa amenishika mkono, jicho moja limefungwa bandeji.

Tulipofika langoni kizuizi hakikuinuka. Kwenye skrini ndogo ukutani pakaandikwa kwamba gari langu limekuwa ndani tangu Jumatatu, usiku na mchana, na nilipie siku zote hizo pamoja na faini. Kampuni iliyokodi kiwanja ilikuwa imeweka kamera mbili za kusoma nambari za magari, moja ya kuingia na moja ya kutoka. Ile ya kutoka haikuniona Jumatatu. Umeme ulikuwa umepotea, na kizuizi kilikuwa kimeinuliwa kwa mkono.

Nilishuka nikaeleza. Nilieleza tena kwa sauti kubwa zaidi. Magari yaliyokuwa nyuma yangu yalipiga honi. Ndani ya pikapu mke wangu alikuwa ameanza kuugulia maumivu, kwa sababu ganzi ilikuwa inaisha na jua lilikuwa linampiga usoni. Wanaume wawili wa kampuni wakaja na klampu ya chuma, wakapiga magoti, wakalifunga gurudumu la mbele bila kuniuliza lolote. Nilimshika mmoja ukosi nikamwangusha. Mwenzake akanipiga teke la paja. Hapo ndipo mlinzi alipojiingiza katikati yetu, mzee mwembamba mwenye koti la kijani lililompwaya, akaniwekea kiganja kifuani.

"Tata, ngoja," aliniambia, akiniita baba kwa heshima ya kwetu. "Mimi Jumatatu nili—"

Sikumwacha amalize. Nilimpiga kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, ngumi ya mtu anayebeba mitungi ya maziwa kila alfajiri, na nikasikia kitu kikivunjika chini ya vidole vyangu. Akaketi chini. Sikuishia hapo. Nilimpiga mara ya pili akiwa ameketi. Hilo la mara ya pili sikulisema polisi, wala kanisani, hadi lilipotajwa mahakamani.

Waendesha bodaboda waliokuwa wakingoja abiria nje ya lango walimjua mzee huyo. Walinivuta kwa shati hadi barabarani wakanipiga kwa helmeti na viatu. Ubavu mmoja ulipasuka. Mmoja wao alichukua jiwe la ukingo wa maua, na nadhani angelitumia kama mke wangu hangetoka garini. Alikuja akipapasa hewani, jicho moja limefungwa na lingine limejaa machozi, akanilalia mgongoni. Teke moja lilimpata yeye begani kabla hawajaelewa kwamba ni mwanamke mgonjwa. Waliacha. Polisi walipofika walinikuta chini na damu usoni, lakini walimwuliza mzee kwanza, na walifanya sawa.

Nilikulia katika boma ambalo mkono ulitangulia mdomo. Baba alitupiga kwa mkanda wa ng'ombe, sisi na mama, na nilipooa niliapa kwamba nyumbani kwangu haitakuwa hivyo. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumgusa mke wangu wala mtoto. Nilidhani nilikuwa nimekwisha kuiacha ile hasira. Usiku ule, polisi waliponitia seli, nilikuwa naitazama mikono yangu na kuona ya baba.

Niliachiliwa kwa dhamana siku iliyofuata, nikishtakiwa kwa kumjeruhi mtu. Lakini pikapu ilikuwa bado imefungwa kule kiwanjani, na kamera ilikuwa inaendelea kuhesabu. Barua ya kampuni ilinidai hata siku niliyolala seli. Nikawaandikia nikiomba wanionyeshe picha ya gari langu likiwa humo Jumanne au Jumatano. Nikawapelekea pia barua ya kituo cha maziwa kwamba nilileta maziwa kwa pikapu hiyo asubuhi zote mbili. Msimamizi wao alinijibu kwamba karatasi ya maziwa si ushahidi wa gari. Mtambo ulikuwa na picha ya kuingia Jumatatu, haukuwa na ya kutoka, ile ya kuingia Alhamisi aliihesabu marudio tu, na kwake maneno yalikuwa yamekwisha. Nilipokwenda ofisini mara ya tatu, wale wanaume wawili walinikunja mkono mgongoni wakanisukuma kwenye ngazi. Nilianguka kwa upande ule wenye mbavu mbovu. Msimamizi alisema kutoka juu kwamba baada ya wiki moja watalipeleka gari mnadani.

Mke wangu alinisikiliza jioni hiyo huku akijitia dawa ya jicho. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: yule mzee alikuwa anataka kusema nini uliponyanyua mkono?

Nilikwenda Suneka, anakoishi yule mlinzi, Jumapili ya wiki iliyofuata, nikiwa na mzee wa kanisa letu. Nyumba ya mlinzi iko nyuma ya soko, kati ya migomba. Mkewe alikuwa anasonga ugali jikoni. Aliponitambua alitoka na mwiko mkononi, wa moto na wenye unga, akanipiga nao shavuni, kisha kichwani, kisha mkononi nilipojikinga. Hakupiga kelele. Alikuwa analia kimya na kupiga. Mzee wa kanisa alitaka kumzuia nikamwomba amwache. Alipochoka alirudi jikoni, nikabaki nimesimama uani, ngozi ya shavu inachubuka.

Mlinzi alitoka ndani. Midomo yake bado ilikuwa imevimba hadi maneno yakatoka kwa shida, hivyo alizungumza polepole, kwa Ekegusii, na mimi nayaandika hapa kwa Kiswahili. Alisema Jumatatu ndiye aliyeinua kizuizi kwa mkono umeme ulipopotea, na aliniona nikitoka, akamwona mke wangu amefunika jicho kwa leso. Kabla ya kamera kuletwa kazi yake ilikuwa kuandika magari daftarini. Kampuni ilimwambia aache, naye hakuacha, kwa sababu hakuuamini mtambo. Aliingia ndani akaleta daftari la shule lenye jalada la bluu. Nambari yangu ilikuwa humo, saa ya kuingia na saa ya kutoka, kwa mwandiko wa mviringo.

Nilipiga magoti. Nilianza kumwomba msamaha na kumwambia kuhusu kesi, na kwamba nitagharamia matibabu yake yote. Akanyoosha kidole nikanyamaza.

"Daftari nitakupa, kwa sababu ulitoka," alisema. "Kesi sitaifuta, kwa sababu ulinipiga."

Nilichukua daftari. Kesho yake nililipeleka kwa mwenye jumba.

Mwenye jumba ni Mhindi mzee anayeuza mabati na misumari katika ghorofa ya chini, biashara aliyoirithi kwa babake. Kampuni ilikuwa mpangaji wake tu. Alilisoma daftari akiwa amesimama kwenye kaunta, ukurasa kwa ukurasa, kisha akapata humo nambari ya lori lake mwenyewe, nalo lilikuwa limetozwa faini siku ile ile. Alimwita msimamizi ashuke. Msimamizi alimwambia kwamba daftari la mlinzi halina maana, akanyoosha mkono kulinyakua. Mwenye jumba alimpiga mkono huo kwa rula ya chuma ya kupimia mabati, pigo moja tu, damu ikatoka kwenye vifundo vya vidole. Akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba magari yote ya Jumatatu yaachiliwe leo, au kampuni ihame.

Klampu iliondolewa kabla ya jua kutua. Deni langu lilifutwa, na madereva wengine kumi na zaidi walirudishiwa pesa zao. Watu wa Nyansiongo walinipongeza sokoni. Yule mzee alifukuzwa kazi wiki hiyo hiyo kwa kuandika alichokatazwa, na mwenye jumba akamchukua alinde stoo ya mabati.

Mahakamani nilikiri kosa. Mzee alisimama akaeleza ngumi ya kwanza na ngumi ya pili, bila kuongeza wala kupunguza. Hakimu aliniamuru nimlipie meno, na kwa miezi sita nifanye kazi ya huduma kwa jamii katika zahanati, kila Jumatatu na Jumatano.

Siku moja nilikuwa nafyeka nyasi nje ya chumba cha chanjo. Mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto akingoja zamu aliniuliza nilifanya nini hata nikaletwa hapa. Nilimwambia niligombana na watu wa maegesho waliokuwa wananionea. Akauliza kama nilikuwa na haki. Nikamwambia ndiyo, ilithibitishwa, deni likafutwa. Akatikisa kichwa kwa kunionea huruma. Ningeweza kuishia hapo. Nikamweleza kuhusu mzee, ngumi zote mbili, na meno kwenye saruji.

Alimhamisha mtoto wake kwa mkono wa pili, ule ulio mbali nami, akasogea hadi mwisho wa benchi, nami nikainama kufyeka.