Mimi Kichakani, Mama Mkwe Kichakani

Walimu wenzangu, leo nimelala kifudifudi kwenye umande nikiwa na shati langu la kanisani.

Asubuhi, na baridi hii ya kipupwe, nilipanda kile kilima cha nyuma ya shule nikaione milima ya Mfumbiro. Mwendo ni mfupi, lakini kilima kimesimama kama ukuta. Magoti yananiuma hadi sasa.

Zimebaki hatua chache nifike kileleni, namwona mama mkwe anateremka na kuni kichwani.

Njia ni moja, nyembamba. Na mnajua kwetu mtu hakutani uso kwa uso na mama mkwe.

Nikajitupa kichakani. Nikangoja apite, huku nakohoa.

Hapiti.

Nikachungulia. Kuni ziko njiani, mwenyewe kajificha kichaka cha pili, ananingoja mimi!

Tukangojana hadi ukungu ukafunika kila kitu, ndipo tukapishana. Kileleni sikuona hata viatu vyangu.

Ninyi mngefanyaje? Andikeni hapa chini, penseli nimeining'iniza kwenye msumari wa ubao huu wa matangazo.

Nimerudi nyumbani hoi. Mke wangu ananipa chai.

"Mama kapita nyuma ya nyumba, kaacha tangawizi. Anasema ni ya yule aliyekuwa anakohoa kichakani."