Siku Nilimutafsiria Muitaliano wa Rock

Mucheke tu, bandugu, mi mwenyewe sijui kama nicheke ao nijifiche, maana tangu siku ile hapa Baraka batoto bananiita "Italia".

Renzo, Muitaliano mwenye kupiga rock, alitembelea parokia yetu. Mi ndiye napiga gitare ku kwaya, na kiti cha mbele kilikuwa cha Papa Mulonda, baba ya Riziki wangu (muzee alikuwa ananinyima binti yake, eti mupiga gitare si mwanaume wa kuoa). Nikasema moyoni, leo atanijua! Nikamusalimia Renzo Kiitaliano, maneno yenye nilijifunza kwa padri wa zamani wakati namusafishia gari (salamu na Salamu Maria, basi). Yesu wangu! Renzo akanikumbatia, akasimama mbele ya bantu, akamwaga Kiitaliano kama mvua, na bantu bote macho kwangu, na mi sielewi hata kidogo.

"Anasema nini?" Papa Mulonda akauliza.

Renzo alikuwa anaonyesha kitu kidogo na vidole, anapiga kifua, anacheka, anapangusa jicho (sasa hiyo ni nini?). Nikajibu: "Anasema atatuletea bafle mpya za kwaya, zile spika kubwa za kutoa sauti."

Vigelegele! Bamama bakacheza, mumoja akamupa Renzo kuku, Renzo akanitazama, mi nikamutazama, kuku naye akatutazama sisi wawili.

Papa akasimama, akamuuliza Kifaransa: "Bafle zitafika lini?"

"Bafle gani?" Renzo akajibu, Kifaransa safi kabisa! Kumbe alikijua tangu mwanzo, ni mi nilimupeleka ku Kiitaliano.

Akaeleza upya. Alizaliwa ku kamuji kadogo, barabara moja, kila muntu anajua mambo ya mwenzake. Bakamucheka na gitare yake, na baba ya muke wake akamunyima binti, akasema bapiga gitare ni baongo. Ilimuchukua miaka kumuonyesha kama ye ni muntu wa neno moja, na leo muzee yule ndiye anamubebea gitare.

Papa akanigeukia polepole. "Maneno ya kukusaidia alikuwa nayo, mwana. We ukaweka yako."

Riziki, mwenye alikuwa anasikia yote nyuma ya baba yake, akatoka inje bila kuniangalia. Renzo akaniuliza kuku ni ya nini.

Bandugu, mi sitafsiri tena, hata Kibembe, luga yenye nilinyonya kwa mama. Na kwa Papa Mulonda sijafika bado: kila asubuhi navaa shati ya kuomba musamaha, nafika ku kona ya nyumba yake, nageuka.