Kobe wa Mwalimu

Mwalimu aliyenifundisha kusoma na kuandika ndiye aliyeomba nikakague kobe wake. Alikuwa amestaafu, anaishi Muyama, na nyuma ya nyumba alikuwa amejenga mabanda ya matofali. Mimi nilikuwa afisa wanyamapori Kasulu. Sheria tuliyoisimamia ilieleweka hata kwa mtoto: kobe wa porini hauzwi nje ya nchi, aliyezaliwa bandani anaweza kuuzwa kwa kibali, baada ya afisa kumwona na kuandika taarifa.

Barua yake ilinitaja mimi. Nilijivuna, nikamwambia hadi mama.

Alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu, mwana wanje," akasema kwa Kiha, yaani mwanangu, vile alivyotuita darasani. Akanionyesha mayai mchangani na vitoto vinavyoenea kiganjani. Kwenye banda la mwisho kobe wakubwa walikuwa wamejibanza kivulini. Nikataka kuingia.

"Hao ni wazazi tu, hawauzwi. Twende, chai inapoa."

Nikaenda kunywa chai. Kesho yake niliandika: wote wamezaliwa bandani, nimewaona. Nikatia sahihi.

Wiki chache baadaye masanduku yake yalizuiwa uwanja wa ndege, Dar es Salaam. Mkaguzi wa huko alinitumia picha. Hakukuwa na kitoto hata kimoja. Walikuwa kobe wakubwa, migongo yao ina makovu meusi ya moto, ule unaopita porini kila kiangazi. Kisha akanipigia simu.

"Dada, kobe aliyezaliwa bandani kaunguzwa na nini?"

Nilikwenda Muyama siku hiyohiyo, nikamkuta Mwalimu barazani anapukuchua maharage.

"Mwalimu, uliniambia hawauzwi."

Hakukana. "Vitoto havina soko, mwanangu. Hao wakubwa niliuziwa na watu wa porini."

"Na mimi je?"

Akaendelea na maharage yake. "Afisa mwingine angewageuza mmoja mmoja. Ndiyo maana niliomba uje wewe."

Niliondoka bila kuaga. Njiani nililia kwa hasira, si kwa huzuni, na hasira yenyewe nusu ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Katika maelezo yangu niliandika kila kitu, hata ile chai. Mwalimu alikamatwa. Mimi niliondolewa kwenye ukaguzi, nikapewa barua ya kuhamia masjala, Kibondo. Kobe, nilisikia, baadhi walikufa wakisubiri kesi iishe. Waliobaki walirudishwa porini.

Siku ninafunga mizigo, mama alikuwa anafunga ugali wa muhogo na dagaa ampelekee Mwalimu mahabusu.

"Mama, hata wewe?"

"Alikufundisha bila kiboko," akasema. "Ulishindwa nini kunyamaza?"

Nikamweleza tena kuhusu sahihi yangu. Alisikiliza huku akikaza fundo la kitambaa, kisha akatoka. Aliporudi nilimuuliza kama Mwalimu alinitaja. Akasema hapana, ila dagaa aliwasifu sana.