Mtungi wa Unga kwa Depo ya Nguo

Siku Ilyasi alipomwona Khadidja kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa anafukuza mteja. Mwenye mgahawa mmoja, bwana mnene, alitaka mtungi wa maji wa kuzimia moto kwa ajili ya jiko lake la kukaangia samaki, na Khadidja alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake mtaani Nyakabiga, mikono kiunoni.

"Umwagie maji mafuta yanayowaka, yakurukie usoni, halafu useme Khadidja ndiye kakuuzia? Enda nyumbani, tafuta mfuniko wa sufuria. Hauna hata mfuniko?"

Bwana yule akaondoka. Ilyasi naye akatamani kuondoka. Alikuwa mtu wa makamo na mwenye haya. Duka lolote lenye maneno mengi lilimkumbusha kazi iliyomngoja kwingine. Lakini alikuwa ametumwa.

"Na we, unaogopa nini?"

Ndivyo Khadidja alivyopokea wateja. Marehemu mumewe alikuwa akijaza mitungi ya meli bandarini, akamwachia ufundi, rafu ya mitungi myekundu na swali hilo. Mtu akitaja anachokiogopa, mtungi unajichagua wenyewe: maji kwa nguo, karatasi na mbao, gesi kwa mambo ya umeme, unga wa dawa kwa esansi, yaani petroli, na mafuta mengine ya magari. Taabu ni kwamba miaka ile ya vikwazo vya biashara watu wa Bujumbura hawakusema walichonacho nyumbani. Esansi ilikuwa adimu na kila mwenye kidumu alikificha, huyu chini ya kitanda, yule nyuma ya kabati la vyombo. Kwa Khadidja wote walifika wakisema wanaogopa moto wa karatasi.

"Muji muzima umekuwa wa makarani," alizoea kusema.

"Nguo," Ilyasi akamjibu. "Patroni wangu Mohamadi ana depo ya vitenge, kule kwenye viwanda, Quartier Industriel. Amesema nichukue wa maji."

Khadidja akamsogelea, akanusa bega la shati lake bila kumwomba ruhusa.

"Vitenge gani vinavyonuka namna hii?"

Ilyasi akatazama viatu vyake. Nyuma ya marobota ya vitenge kulikuwa na mapipa ya esansi iliyovushwa ziwani kutoka Uvira, upande wa Kongo, na patroni alikuwa amemwapisha asimwambie mtu. Kiti cha Ilyasi kilikuwa huko huko nyuma, ubavuni mwa mapipa, na depo ilikuwa na mlango mmoja tu, wa mbele. Alijua vizuri kwamba siku ya moto, maji yangeitandaza esansi inayowaka mpaka miguuni pake. Alijua, akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa.

"Basi sikuulizi," Khadidja akasema. "Lakini mi siuzi mtungi mpaka nimeuonyesha ukizima moto pale utakapokaa. Beba hii miwili."

Wakaenda kwa miguu, Ilyasi mbele na mtungi wa maji bega hili, wa unga bega lile, Khadidja nyuma na karai la matambara na kiberiti. Kwenye kizuizi askari akawauliza wanakwenda wapi.

"Kuwasha moto kwa Mohamadi," Khadidja akasema. "Tumealikwa."

Askari akacheka, akawapisha.

Mohamadi naye aliwapokea kwa tabasamu, mpaka alipoona karai linawekwa katikati ya depo yake na njiti inatoka kwenye kiberiti.

"Mama Khadidja, humu kuna joto. Twende nje."

"Nje kuna upepo. Na nguo zako ziko humu."

"Nje, mama, nakuomba."

Khadidja akaweka karai mlangoni. Mohamadi akasema mbele kidogo. Akaliweka chini ya ukuta wa jirani. Mbele kidogo tena. Kila mama alipoinama, patroni aliruka. Wakavuka barabara, wakapita ghala la sabuni, wakafika kwenye mtaro wa maji machafu. Mohamadi, mtu wa heshima zake, kanzu ilikuwa imemganda mgongoni kwa jasho.

"Hapa panatosha," akasema.

Khadidja akageuka, akapima kwa jicho umbali wa depo. "Kaka Mohamadi, vitenge vyako vinaogopa njiti kutoka huku kote?"

Patroni akatazama mitungi mabegani mwa Ilyasi, kisha akatazama kando.

"Utuachie wa unga," akasema taratibu.

"Sawa. Na huyu mudogo wangu usimugombeze, hakusema kitu. Miguu yako ndiyo ilisema."

Khadidja akamwonyesha Ilyasi pini na mdomo wa mpira, na mtungi wa unga ukatundikwa karibu na kiti chake. Kabla mvua za msimu ule hazijaisha, mchukuzi mmoja akamwaga esansi akijaza kidumu, nayo ikatambaa mpaka kwenye jiko la chai. Moto ukashika sakafu, kati ya Ilyasi na mlango. Kutoka nje Mohamadi akaja mbio na ndoo.

"Apana maji, patroni!"

Sauti ilikuwa ya Ilyasi, na hata mwenyewe hakuijua. Patroni akaganda na ndoo yake. Ilyasi akachomoa pini, akaelekeza mdomo wa mpira chini, pale moto unapokamata sakafu, akaufagia kwa unga huku na huku, akisogea, mpaka akatokea mlangoni akiwa mweupe kama mtu aliyelala kwenye mashine ya kusaga.

Akaenda Nyakabiga hivyo hivyo kujaza mtungi. Akamkuta Khadidja anafunga mizigo. Milio ya bunduki ya upande wa Carama ilikuwa imemchosha, na binti yake alimwita akakae naye Kigoma. Mama akaupokea mtungi mtupu, akaujaza, akaukaza kifuniko.

"Kiliungua nini?"

Ilyasi akatazama viatu vyake. Kisha akainua uso.

"Esansi, Mama Khadidja. Tuna mapipa nyuma ya vitenge. Kiti changu kiko pale pale, na mi naogopa kila siku."

Khadidja akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku lake. Halafu akamtwika mtungi begani, akampangusa unga shingoni kwa ncha ya kitenge chake.

"Umeweza kuniambia mi nisiyekulipa mushahara," akasema. "Sasa enda umwambie Mohamadi hivyo hivyo, hicho kiti kisogee mulangoni. Akikataa, mwambie boti yangu inaondoka kesho, leo bado niko na nafasi ya kuja kumusalimia na karai langu."